Namna Bunge Linavyoidhinisha Fedha za Taasisi za Umma na Kusimamia Kanuni Zake

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali pamoja na vyombo vyake vyote. Miongoni mwa njia za kutekeleza wajibu huo ni kuidhinisha fedha na kuchunguza kanuni.

Kwa upande wa fedha, mfano ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, unaohudumia barabara za wilaya kama Mufindi na Kilolo mkoani Iringa, na Rungwe na Mbarali mkoani Mbeya. Makadirio yake huwasilishwa bungeni Dodoma ndani ya bajeti ya wizara yenye dhamana ya Serikali za Mitaa, huchambuliwa na Kamati ya Kudumu, kisha hujadiliwa na kupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Baada ya matumizi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua na ripoti yake huwasilishwa bungeni.

Kanuni hufuata mkondo tofauti. Mkulima wa mpunga wa Usangu, wilayani Mbarali, anayechepusha maji ya mto kwenda shambani huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Msingi wa kibali hicho ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, lakini utaratibu na ada hufafanuliwa katika kanuni za Waziri, ambazo hazipitishwi bungeni kama muswada.

Kanuni hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha, kwa mujibu wa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, huwasilishwa Mezani bungeni. Kamati ya Sheria Ndogo huchunguza iwapo zimevuka mipaka ya sheria mama au zinakinzana na Katiba. Bunge linaweza kuzitengua kwa azimio, lakini azimio hilo halibatilishi yaliyokwisha kufanyika chini yake.

Kwa hiyo, bajeti huidhinishwa kabla ya fedha kutumika, ilhali kanuni yaweza kuanza kumgusa mwananchi kabla Bunge halijaichunguza. Ndiyo maana maoni ya wadau kuhusu kanuni huwa na uzito zaidi yanapotolewa zikiwa bado rasimu.