Baridi Yabisi ya Punda Mzee

Mwenye punda wa Bahi, mkoani Dodoma, akisema mnyama wake ana baridi yabisi, ana maana ya jambo analoliona kila alfajiri ya kipupwe. Punda mzee anafunguliwa kamba, anasita, anatupa hatua fupifupi, hataki kukata kona. Akishafika barabara kuu ya Manyoni miguu imelegea, na anakokota mkokoteni kana kwamba hakuna kilichotokea. Daktari wa mifugo aliyesomea Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, atauita ugonjwa huohuo osteoathritisi. Kiungo kinachouma ni kimoja, lakini kila jina lina tiba inayolifuata.

Baridi na yabisi yote ni maneno ya asili ya Kiarabu, na yabisi maana yake kavu. Jozi hiyo ni ya tiba ya Kiyunani, ile aliyoifundisha tabibu Galeni katika karne ya 2 na Ibn Sina akaipanga upya karne nyingi baadaye. Kwao, mwili ulikuwa na joto na baridi, umajimaji na ukavu, na ugonjwa wa baridi na ukavu ulitibiwa kwa kinyume chake: mafuta ya moto, kukanda, kuchua. Ndiyo maana mpaka leo anayeambiwa ana baridi yabisi huwaza kwanza maji ya moto na blanketi. Kukanda hutuliza kidogo, siyo vibaya. Ila jina hilo linamtupia lawama upepo wa Julai, na mzigo wa jana hautajwi.

Ndani ya kiungo, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi lisilo na mishipa ya damu. Lishe yake hutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kila gegedu inapobanwa na kuachiwa, yaani mnyama anapotembea. Miaka ya mizigo ikizidi, gegedu hulika, utando wa kiungo huvimba, na mfupa huota vinundu pembeni. Gegedu iliyolika hairudi. Linalowezekana ni kupunguza maumivu na kuchelewesha hali isizidi, na hapo ndipo wengi wanapokosea: punda anayefungwa chini ya mti mwezi mzima ili apumzike naye hukakamaa, kwa sababu kiungo kisichosogea hakilishwi.

Kwa hiyo siliungi mkono jina la uchakavu wa viungo ambalo baadhi ya watu hulipenda. Tairi huchakaa likatupwa; kiungo ni kitu hai. Na punda akishaitwa mchakavu, hatua inayofuata huwa ni kuuzwa. Biashara ya ngozi za punda ilipochachamaa, Dodoma yenyewe ilikuwa na machinjio yao, na ni Februari 2024 tu ambapo wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji huo kwa miaka 15.

Jina la ukakamavu nalo halifai, ingawa kitenzi chake, kukakamaa, ndicho hasa tunachotaka. Aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) anajua ukakamavu ni sifa, na huwezi kumpa bwana mifugo cheti kinachosema punda ana ukakamavu. Napendekeza mkakamao wa viungo kwa dalili ile ya asubuhi, na baridi yabisi ya gegedu kwa ugonjwa wenyewe. Nusu ya jina inabaki ile wanayoijua watu, nusu ya pili inataja mahali palipoharibika.

Maarifa mengi ya ugonjwa huu yametokana na farasi wa kupandwa wa Ulaya na Marekani. Huku kwetu farasi hakudumu. Msafiri Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili, na wote walikufa kabla hajafika Ugogo, ndiyo nchi ya Dodoma na Bahi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, huua farasi wengi mno, wakati punda wa Afrika huustahimili. Waliobaki kazini ni punda, na shauri la farasi mzee lazima lipimwe kwa madumu ya maji na magunia ya mpunga.

Dumu moja la lita 20 lina kilo 20 za maji. Manne mgongoni ni kilo 80, na punda wetu wengi wana kilo 150 hivi. Punda mzee hastahili mzigo huo. Mkokoteni ni nafuu, mradi mzigo ukae juu ya ekseli. Ukiegemea mbele, mishikio yote inamkandamiza mgongoni. Nira ya ng'ombe ni balaa jingine: ng'ombe husukuma kwa bega na nundu, punda huvuta kwa kifua, basi afungwe mkanda mpana wa kifuani. Asubuhi atembezwe bila mzigo dakika 10 au 15 kabla ya kufungwa. Mavuno ya mpunga yakija, safari mbili fupi zina nafuu kuliko moja nzito kwenye udongo wa mfinyanzi wa Bahi, ambao masika hunata na kiangazi hubaki mashimo ya kwato yaliyokauka. Kwato zenyewe zikiachwa zikarefuka, kila hatua inakipinda kiungo, kwa hiyo zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Punda huficha maumivu. Akianza kuchechemea waziwazi, amevumilia muda mrefu. Kabla ya hapo hukataa kuinua mguu ukitaka kumsafisha kwato, huhamisha uzito mguu huu na ule akiwa amesimama, au hulala kuliko kawaida. Dawa ya kutuliza, fenilibutazoni, itolewe na daktari wa mifugo, tena anayekumbuka kwamba punda huiondoa mwilini haraka kuliko farasi: ratiba ya dozi iliyonakiliwa kutoka kitabu cha farasi humwacha na maumivu kabla dozi ya pili haijafika.