Kukaza Ngozi: Kitenzi cha Ngoma na cha Uso

Kabla ngoma haijalia, wapigaji huwasha moto. Ngozi ya ngoma iliyokaa muda hunyonya unyevu wa hewa ikalegea, na ikigongwa hutoa sauti butu. Basi huzipanga ngoma karibu na moto, huzigeuzageuza, na baada ya muda ngozi hukaza bila mkono wa mtu kuivuta.

Kitenzi hicho ndicho kinachozifaa tiba za uso zisizotumia kisu: kukaza ngozi bila upasuaji. Wapo wanaosema kunyoosha, kubana au kuvuta, lakini kila kitenzi kina kazi yake. Kunyoosha ni kwa nguo iliyokunjamana, tena huishia juu juu. Kubana ni nguvu ya nje, kama mkanda kiunoni: ukifunguliwa, kilichobanwa hurudi kilivyokuwa. Kuvuta ni kazi ya daktari wa upasuaji, anayechana karibu na masikio, akaivuta ngozi, akakata iliyozidi na kushona. Huyo ndiye mwamba ngoma, aivutiaye ngozi kwake. Tiba ya kukaza haichani wala haivuti. Hupeleka joto ndani.

Joto hilo huifuata kolajeni, protini ambayo nyuzi zake huishikilia ngozi isiporomoke. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, kwa kuwa ngozi na mifupa ya mnyama ikichemshwa sana hutoa gundi. Aliyewahi kupika supu ya makongoro anaijua: ikipoa, huganda na kutikisika sufuriani. Usoni, umri na jua huzipunguza nyuzi hizo na kuzikatakata, mashavu yakaanza kushuka.

Nyuzi za kolajeni zikipata joto la kutosha hujikunja na kuwa fupi. Mashine huzipasha moto kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mawimbi ya redio. Mashine ya Thermage iliruhusiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 2002 kwa makunyanzi ya kuzunguka macho. Ya pili ni ultrasaundi inayokusanywa kwenye vinukta vidogo chini ya ngozi. Mashine ya Ulthera, iliyoruhusiwa mwaka 2009 kwa kuinua nyusi, hufika kina cha milimita 4.5 na kupasha vinukta hivyo joto la selisiasi 60 hadi 70, huku ngozi ya juu ikiachwa salama.

Hapa mfano wa ngoma unafika mwisho. Ngozi ya ngoma imekufa. Hukaza kwa kukauka, na umande ukiipata hulegea tena. Ngozi ya uso i hai. Joto lile huipa majeraha madogo, nayo hujibu kwa kutengeneza kolajeni mpya. Ndiyo maana matokeo hujitokeza taratibu, kwa miezi 2 hadi 6.

Kwa wenye ngozi nyeusi kuna jambo la kushukuru. Miale ya leza nyingi hufyonzwa na melanini, rangi ya asili ya ngozi, na inaweza kuacha mabaka. Mawimbi ya redio na ultrasaundi hayaitegemei rangi hiyo. Hata hivyo, mkono usio na ujuzi bado unaweza kuunguza.

Botoksi nayo mara nyingi huingizwa katika jina hili la kukaza ngozi, ilhali kazi yake ni kinyume kabisa: hulegeza misuli inayokunja ngozi. Sindano za kujaza, kama zile za asidi ya hialuroniki, huongeza ujazo mahali palipobonyea. Kwa hiyo Kiswahili kina vitenzi vitatu vilivyo wazi, kukaza, kulegeza na kujaza, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari ni kipi kati yake anachokilipia. Ngozi iliyoning'inia sana, kama baada ya kupungua uzito mwingi, mara nyingi haitoshelezwi na chochote kati ya hivyo. Hiyo hurudi kwa mpasuaji, kwenye kitenzi kuvuta.