Matetemeko na maji: somo la Goma kwa vijiji vyetu

Hombo iko kwenye barabara ya Bukavu–Walikale, na ng'ambo ya mto ni Kalehe. Eneo lote hili liko kando ya bonde la ufa, mahali ardhi inapopasuka polepole. Tarehe 24 Oktoba 2002, tetemeko la kipimo cha 6.2 lilitikisa Kalehe. Tarehe 3 Februari 2008, lingine la karibu 6 lilipiga Bukavu na Rusizi, likaua watu wengi.

Lakini somo kubwa la maji lilitoka Goma. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano Nyiragongo ililipuka. Lava iliharibu tangi kubwa na tiyo za maji upande wa kaskazini mwa mji, na matetemeko yakaendelea kwa siku nyingi. Watu karibu nusu milioni walikosa maji. Tarehe 27 Mei, serikali ikaamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihamishwe, na familia nyingi zikakimbilia Sake, katika Masisi, ambako maji hayakutosha. Hofu ya kipindupindu ikapanda. Baadaye Regideso na UNICEF walipitisha tiyo mpya juu ya lava.

Kwa nini sehemu kubwa ya mji ilikauka? Kwa sababu maji mengi yalitegemea njia chache. Njia moja ikikatika, kila robine inayoitegemea inakauka.

Katika vijiji vya milimani, maji hushuka yenyewe kutoka chemchemi hadi tangi, kisha robine. Ardhi ikitikisika, tiyo ngumu huvunjika kwenye viungo. Huko Christchurch, New Zealand, mwaka 2011, tiyo za plastiki laini zilizounganishwa kwa moto zilivumilia kuliko zile za zamani. Afadhali pia matangi mawili madogo kuliko moja kubwa, na vali za kufunga kila kipande, ili tiyo ikipasuka huku, kwingine maji yaendelee.

Fundi wa mjini hawezi kufanya hayo peke yake. Wazee ndio wanaojua chemchemi isiyokauka kiangazi na mteremko ulioporomoka zamani. Wamama wanajua robine inayojaa foleni ya bidoni. Komite ya maji ndiyo itakayofunga vali usiku, barabara ikiwa imekatika na fundi hawezi kufika.

Wahami nao wapewe kiti katika komite hiyo. Wao wanachota kwenye robine ileile, na maji yakikatika wao ndio wa kwanza kurudi mtoni.