Msongo wa Mawazo: Wataalamu Walivyoutambua, na Kinachompa Mtu Ustahimilivu

Leo tunazungumzia msongo wa mawazo.

Mara nyingi mama akisema moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga na usingizi hauji, huambiwa, "Jikaze tu." Lakini historia ya utabibu inatuonyesha kwamba dalili hizo si uvivu wala udhaifu. Ni kazi ya mwili wenyewe, ila imepita kiasi.

Tuanzie Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1890. Walter Cannon, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akitazama kwa eksirei jinsi tumbo la paka linavyosaga chakula. Aligundua kwamba paka akifadhaika, tumbo husimama. Alilifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1915 akatoa kitabu akieleza sababu yake. Kiumbe akihisi hatari, neva hupeleka habari upesi kwenye tezi mbili zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, sukari huongezeka katika damu na misuli hupata nguvu. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, na kusaga chakula kutangoja. Ndiyo maana ukiwa na hofu chakula hakipiti.

Mwaka 1936, huko Montreal nchini Kanada, Hans Selye aliandika juu ya panya wa maabara. Wengine aliwaweka kwenye baridi kali, wengine aliwachosha kwa mazoezi, wengine aliwapa dawa kupita kiasi. Shida zilikuwa tofauti, lakini miili yao ilijibu kwa namna moja. Tezi za juu ya figo zilivimba, na viungo vinavyosaidia kukinga maradhi vilinywea. Selye akasema mwili hupitia hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na shida isipokwisha huchoka.

Sasa fikiria, mama. Karo ya shule, kodi ya nyumba au mtoto anayeugua mara kwa mara ni mambo usiyoweza kuyapiga ngumi wala kuyakimbia. Kengele ya hatari huendelea kulia mwilini. Usingizi hupungua, hasira huwa karibu, na kosa dogo la mtoto huonekana kubwa.

Je, kuna tumaini? Lipo. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Baadhi yao walikulia katika ufukara, ugomvi wa wazazi au ugonjwa wa akili nyumbani. Hata hivyo, karibu mmoja kati ya watatu wa watoto hao waliokabiliwa na shida nyingi alikua akawa mtu mzima mwenye uwezo, anayejiamini na kuwajali wengine. Jambo moja lililowasaidia ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda na ambaye wangeweza kumtegemea. Kwa wengine hakuwa mzazi. Alikuwa nyanya, mwalimu au jirani.

Mtu huyo unaweza kuwa wewe. Lakini nawe unahitaji wa kukushika mkono. Ukihisi umelemewa, keti, vuta pumzi polepole, kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Hiyo huamsha neva inayotoka kwenye ubongo na kuutuliza moyo. Lala mapema unapoweza, tembea kidogo, na mweleze dada, rafiki au mwenzako wa chama yaliyo moyoni.

Huzuni au kukosa usingizi kukiendelea kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje. Mwambie mtu aliye karibu na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Kuomba msaada si aibu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi leo, kabla hujalala, mjulie hali mama mmoja aliye jirani yako.