Mchujo

Muhoroni hujua kuchuja kabla ya kujua siasa. Kiwandani miwa husagwa, juisi ikachujwa ili iwe sukari, na makapi yakapelekwa kuwasha matanuri. Neno hilohilo twalitumia kwa kura za chama: kura za mchujo. Na kwa kuwa katika ukanda huu wa ziwa tiketi ya chama cha ODM mara nyingi ndiyo kiti chenyewe, mchujo huwa moto kuliko uchaguzi mkuu.

Mwaka 1988, enzi ya chama kimoja tu, KANU, wapiga kura wa mchujo walijipanga hadharani nyuma ya mgombea au wakala wake. Mlolongo, tuliuita. Aliyepita asilimia 70 alikwenda bungeni bila kupingwa. Hebu fikiria kusimama nyuma ya umpendaye huku chifu akikutazama! Huo ulikuwa ujasiri.

Mchujo wa urais ni mwingine. Tarehe 1 Septemba 2007, Kasarani, wajumbe wa ODM ndio waliopiga kura. Shabiki wa Muhoroni alibaki na redio na sauti yake. Raila Odinga alipata 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368.

Kinachonikera ni kumwita aliyeshindwa, pamoja na wafuasi wake, makapi. Kura zao ni za chama vilevile. Mwaka ule Mudavadi akawa mgombea mwenza wa Raila, naye Ruto akazunguka nchi akimpigia debe.