Shabu, Marashi na Mafuta: Uso wa Aliyenyolewa katika Siyu na Pwani

Siyu, mji uliokaa katika kisiwa cha Pate mwisho wa mkondo mwembamba wenye mikoko kandokando, ambao vyombo huufikia maji yakijaa, umeandikwa sana katika tarehe kwa ajili ya vita vyake. Wareno waliuadhibu na kuubomolea kuta, na Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa mkuu wa Fort Jesus tangu mwaka 1635, akajifakhirisha kwa tendo hilo katika maandishi ya jiwe yaliyowekwa juu ya lango la ngome hiyo ya Mombasa. Karne mbili baadaye, katika miaka ya 1840, majeshi ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, yalivunjika mbele ya watu wa Bwana Mataka, mkuu wa Siyu, na mji haukutiishwa mpaka mwaka 1863, katika zama za mwanawe, Sayyid Majid. Habari hizi zina haki ya kukumbukwa. Walakini mimi hupenda zaidi kuukumbuka Siyu kwa mikono ya mafundi wake: wahunzi waliofua visu, majambia na panga, washonaji wa makubadhi na mikanda ya ngozi, waseremala wa viti, na waandishi walionakili misahafu na kuitia nakshi za wino mweusi, mwekundu na wa manjano, hata leo watu wa mbali wakaihifadhi kama hazina.

Katika mji wa namna hiyo, uliojua makali na uliojua dini, kunyoa hakukuwa jambo dogo. Sheria ilikuwa imekwisha kuweka taratibu: mtoto hunyolewa nywele za utotoni siku ya saba, na uzito wake ukatolewa sadaka ya fedha, masharubu hupunguzwa na nywele za mwili huondolewa, wala haifai kuziacha kupita siku 40, na mwenye nia ya kuchinja katika Mfunguo Tatu huzuia wembe tangu mwezi kuandama mpaka achinje, ndipo vinyozi wakazongwa na watu. Wanaume wa pwani, aghalabu, walinyoa vichwa vyao, wakatengeneza ndevu kingo zake tu. Tena bwana arusi alinyolewa kwa sherehe, mbele ya jamaa na marafiki, na kinyozi akatunzwa. Uso ulioonekana na watu wote siku hiyo haukupaswa kuwa na damu wala vipele, na kwa hiyo ilimpasa kinyozi kuwa na elimu ya pili, ambayo ndiyo niitakayo kuieleza hapa, nayo ni elimu ya kujua ngozi ya kila mtu itulizwe kwa kitu gani baada ya wembe kupita.

Kinyozi huyo alikaa barazani au kivulini, na mkoba wake ulikuwa na wembe, kinoo, mkasi, bakuli na kipande cha shabu. Alilowesha nywele kwa maji, akazisugua kwa vidole mpaka zilainike, akanoa, akajaribu makali, kisha akavuta ngozi kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto na kuuteremsha wembe kufuata njia ya nywele. Alipokwisha, aliosha uso wa mteja, akaichovya shabu majini na kuipitisha taratibu shavuni na kidevuni, akiishikilia kidogo pale palipotoka damu.

Shabu ni chumvi ya madini, jiwe jeupe lipitishalo nuru mfano wa barafu, na waganga wa Kiarabu tangu kale waliisifu ile ya Yemeni kuliko zote. Ikigusana na ngozi yenye maji huikaza, huzibana njia ndogo za damu, na huigandisha damu yenyewe, basi mkato mdogo hufunga upesi. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji wa ngozi wa nchi nyingi, kwa muda wa karne nyingi, kuitumia kuzigeuza ngozi za mbuzi na kondoo ziwe nyeupe na zisioze. Kitu chenye nguvu ya kutengeneza ngozi ya mnyama chataka hadhari kikiwekwa juu ya uso wa mwanadamu: mwenye ngozi ya mafuta hufaidika nayo, uso wake ukakauka vizuri na usimeremete, lakini mwenye ngozi kavu, akiiacha bila kuisuuza kwa maji safi, huhisi uso umevutwa, na baada ya saa chache huanza kuchanika magamba.

Kwa huyo wa pili palikuwa na marashi. Majahazi yaliyokuja na kaskazi, kutoka Maskati, Mukalla na Shihri, yalileta tende, papa mkavu na bidhaa za manukato, na maji ya mawaridi yalikuwa miongoni mwao. Katika Jabal Akhdhar ya Omani mawaridi huchumwa majira ya kuchipua, alfajiri kabla ya jua kuyaunguza, yakapikwa katika majiko ya udongo mpaka mvuke wake ukanaswa na kurudi kuwa maji; na sanaa hiyo ya kukeneka harufu mwanafalsafa al-Kindi aliiandikia kitabu katika karne ya 9. Marashi hukaza ngozi pia, ila kwa upole mno, tena hupoza. Yakinyunyizwa kutoka katika mrashi juu ya uso uliotoka kunyolewa hayachomi, na ndiyo maana mimi huyaona kuwa chaguo bora kuliko yote kwa ngozi laini.

Mafuta yalikuja mwisho, na kwa wachache. Mafuta ya nazi au ya ufuta, matone mawili yaliyosuguliwa viganjani, humrudishia mwenye ngozi kavu kile ambacho wembe na maji vimemwondolea. Mwenye ngozi ya mafuta akiyapaka hujiletea chunusi. Ndimu, ambayo wako waliodhani kuwa yafaa kwa kuwa nayo hukaza, ni adui: maji yake yakikaa usoni na mtu akatoka juani, ngozi huungua ikabaki na mabaka meusi kwa majuma mengi.

Wembe wa Gillette ulipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1903, watu walianza kunyoa wenyewe majumbani kila siku, na biashara ikazaliwa ya chupa za kupaka baada ya kunyoa: Aqua Velva mwaka 1917, Old Spice ya wanaume mwaka 1938, na nyingi baada yake. Nyingi zilikuwa spiriti na manukato. Spiriti huchoma, na watu wakadhani kuchoma ni ushahidi wa kufaa. Kumbe huinyang'anya ngozi mafuta yake, na mwenye uso mkavu akizidi kuipaka huzidi kudhurika. Wanavyuoni nao walihitilafiana juu ya spiriti ndani ya manukato, wengine wakaizuia, wengine wakaipa ruhusa. Kwangu mimi hasara kubwa ilikuwa kwamba chupa ile moja iliuzwa kwa nyuso zote, ilhali kinyozi aliutazama uso kwanza, kisha akafungua mkoba.

Haki yataka kusema kwamba kinyozi wa kale alikuwa na kosa lililo kubwa kuliko la chupa. Wembe mmoja na kipande kimoja cha shabu vilipita nyuso za watu wengi, na shabu husimamisha damu lakini haiaminiki kuondoa maradhi yaliyomo ndani yake. Tangu miaka ya 1980, hofu ya UKIMWI ilipoenea, ndipo desturi ya wembe mpya kwa kila mteja iliposhika nguvu, na shabu nayo yapasa kuwa mali ya mtu mmoja, ioshwe, ianikwe, isiazimwe hata kwa ndugu.

Limebaki jambo la vipele vya ndevu, ambavyo vijana wa pwani huvilalamikia sana. Unywele uliojisokota, ukikatwa chini mno, hurudi ukaichoma ngozi na kuingia ndani yake, pakavimba. Hapo shabu hupunguza uvimbe kwa muda tu, marashi hutuliza tu, na spiriti hutia moto juu ya moto. Dawa yake ni kuuweka wembe kando kwa majuma kadhaa mpaka nywele zitoke nje zenyewe, kisha kuzipunguza kwa mkasi bila kuzifikisha shinani. Na hivyo ndivyo walivyofanya wazee waliofuga ndevu kwa kufuata sunna, wakazichonga kingo, wakapaka mafuta kidogo, wasiusumbue wembe kila asubuhi.