Nusu Chumba

Dada yangu yuko Houston. Kwamba mimi ni kaka yake anakumbuka siku zote. Kwamba mimi ni mtafsiri anakumbuka anapotaka kazi ya bure. Alfajiri moja, kwao ikiwa bado usiku wa jana, simu ikalia. Picha ya karatasi ya bei, na nyuma yake sauti ya dakika tatu.

"Shikamoo kaka. Hebu nisomee hapo chini ya bei. Dola 700 kwa mtu mmoja, sawa, hiyo naiona. Lakini wameandika vijineno vyao kwa herufi kama sisimizi. Nimeipa simu initafsirie, inaniambia 'ukaaji maradufu'. Ndiyo kusema tunalipa mara mbili?"

Mpango wake ulikuwa kupanda meli ya kitalii pale Galveston, mwendo wa saa moja hivi kutoka kwake, kukaa baharini siku saba, kushuka Cozumel na bandari nyingine mbili, kisha kurudi palepale Galveston. Yeye, shemeji, watoto wawili, na mama yetu aliyekwenda kuwatembelea kutoka Tanga. Watu watano, na akiba moja waliyoijaza mwaka mzima. Cha kwanza nilichomuuliza ni viza ya mama, maana meli ikishafika Mexico abiria ametoka Marekani, na viza ya kuingia mara moja tu inaweza kumwacha gatini. Akasema hilo lilishaangaliwa. Yaliyobaki yalikuwa maneno.

Nianze na jina la safari yenyewe, kwa kifupi. Magazeti yetu yameshazoea "meli ya kitalii", kila moja inapofunga gati Mombasa au Unguja. Jina hilo halina ubaya, ila ni la chombo. Safari bado haina jina. Kiingereza kilikopa la kwake kutoka Kiholanzi, kruisen, kukatiza huku na huku, na kwa muda mrefu lilikuwa neno la manowari zinazolinda njia ya bahari. Wengi siku hizi wanasema "kruzi" na mambo yanakwenda. Lakini Kiswahili kina kitenzi kilekile, cha zamani, cha bahari hiihii: kuvinjari. Chombo kinavinjari kikizunguka bila kuelekea mahali pamoja, kinalinda au kinapeleleza. Watu wa kompyuta walikiona mapema kuliko watu wa utalii, wakatengeneza "kivinjari", nasi tukasahau kwamba neno lilizaliwa na maji ya chumvi. Kwangu mimi, safari ya kutoka Galveston na kurudi Galveston ni safari ya kuvinjari, na sioni kwa nini tuazime.

Hilo la kutoka na kurudi palepale ndilo linalovuruga bei. Neno letu "nauli" limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu kuna Kiyunani, naulon, malipo ya kupakiwa chomboni. Ukilipa nauli, unategemea kufikishwa. Mwaka 1891 Albert Ballin, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni moja ya meli ya Hamburg, alikuwa na tatizo la msimu: wakati wa baridi watu hawakutaka kuvuka Atlantiki, na meli zake zilikaa bure zikila fedha. Akaichukua moja, Augusta Victoria, akaipeleka Mediterania na abiria 241 ili wazungushwe, kisha warudishwe walikotoka. Watu walimcheka. Safari ikafanikiwa. Tangu hapo biashara hii inaitwa usafiri, lakini inachouza ni usiku: usiku saba wa kulala, kula na kutazama maji. Ni gesti iliyovaa nguo za basi.

Sasa fikiria mambo hayo mawili kwetu. Basi la Tanga linauza kiti. Kichwa kimoja, nauli moja, na mtoto anayepakatwa ni mazungumzo kati ya mama yake na kondakta. Gesti inauza chumba. Unauliza, "Selfu bei gani?" unatajiwa bei, unalipa, unapewa ufunguo. Ukilala peke yako ni bei hiyo. Akija mwenzio, bei haibadiliki sana, labda mtabishana kidogo juu ya chai ya asubuhi. Mtu aliyekulia kwenye mifumo hii miwili anajua moja kwa moja ni lini anahesabu vichwa na ni lini anahesabu milango.

Meli ya kitalii inachanganya yote mawili. Inatangaza bei ya kichwa, lakini bei hiyo imetoka kwenye mlango. Wamekiwekea chumba bei yake, tuseme dola 1,400, wakaigawa kwa mbili kwa kudhani kwamba kila chumba kitalaliwa na watu wawili, kisha wakatangaza kile kipande kimoja: 700. Vile vijineno vya sisimizi vinasema hivyo tu. Jina la Kiingereza linataja uwili, na mashine ikisikia uwili inakimbilia "maradufu", neno la kuzidisha. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya. Ndiyo maana "ukaaji maradufu" hauna ubovu wa kisarufi hata kidogo, na bado ulimfanya dada yangu aone dola 7,000 mahali ambapo hazikuwepo.

Nilijaribu kadhaa kabla ya kumjibu. "Bei ya wawili chumbani" inaeleweka, lakini inaweza kusomwa kama 700 kwa wote wawili, na hapo umemwingiza mtu kwenye hasara mbaya kuliko ya mashine. "Bei kwa mtu kwa msingi wa watu wawili katika chumba kimoja" ni sahihi kama hati ya mahakama, na hakuna atakayeitamka mara ya pili. Istilahi isiyotamkika hubaki kwenye faharasa. Nikaandika: bei ya nusu chumba.

Uzuri wake ni kwamba maswali mengine yanajijibu. Mtu mmoja akitaka chumba peke yake? Ananunua nusu zote mbili, na hiyo "nyongeza ya msafiri mpweke" inayowaudhi watu haihitaji tena jina la pekee. Mama, alipoelezwa, alidakia nyuma ya simu: "Kama nalipa nusu mbili, basi na sahani waniletee mbili."

Mtu wa tatu na wa nne je? Nusu zimekwisha. Wao wanapewa kitanda cha kochi, au kile kinachoshushwa kutoka kwenye dari: jioni mhudumu wa chumba anaingia na ufunguo wake, anakivuta chini, anatundika ngazi fupi, na asubuhi anakirudisha juu hadi usijue kilikuwepo. Aliyesoma bweni anakijua, ni dabo deka tu iliyojificha. Kwa kuwa chumba kimeshalipwa na wawili wa kwanza, hawa huwa wanatozwa pungufu, na kuna makampuni ambayo katika misimu fulani huwasamehe watoto bei hiyo kabisa, wakabaki na kodi na ada. Nilitaka kuwaita watu wa "kitanda cha juu", kwa kifupi "cha juu". Nikasita. Dar es Salaam "cha juu" ni kile dalali anachojiongezea kimyakimya, na sikutaka mtu asome bajeti ya familia akadhani kuna wizi ndani yake.

Kuna jambo ambalo istilahi hii inafungua hata kwa asiyesafiri. Makampuni ya meli hutangaza mara kwa mara kwamba meli zao zilijaa kwa zaidi ya asilimia 100. Msomaji wa Kiswahili anapiga picha ya daladala ya saa kumi na mbili jioni, watu wananing'inia mlangoni. Hakuna anayening'inia. Asilimia 100 maana yake ni nusu zote zimeuzwa, watu wawili kila chumba. Kinachozidi ni wale wa tatu na wa nne, wa makochi na vitanda vya darini. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, inatajwa kuwa na nafasi ya abiria 5,610, na palepale unaambiwa inaweza kubeba hadi 7,600. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inahesabu nusu za vyumba, ya pili inahesabu vitanda.

Kati ya namba hizo kuna mtego kwa mwenye familia kubwa. Kila upande wa meli una vituo vya kukusanyikia wakati wa hatari, na maboti ya uokoaji yenye idadi maalumu ya watu. Kanuni za usalama baharini, ambazo mkataba wake wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, hazina mzaha katika hilo. Kituo kikishafikia idadi yake, kompyuta ya kuuzia tiketi hukataa kumpokea mtu wa tatu au wa nne, hata kama kitanda chake kipo na kiko wazi. Vyumba vya kulaza wanne navyo ni vichache. Wapenzi wawili wanaweza kungoja bei ishuke dakika za mwisho. Mwenye watoto wawili akingoja hivyo, atakuta bei imeshuka na chumba chake hakipo.

Nikakaa na kalamu. Hesabu ya kwanza ya dada ilikuwa wanne chumba kimoja, mama peke yake. Kwa karatasi ile, nusu chumba ilikuwa 700 na mtu wa tatu au wa nne 350. Wazazi 1,400, watoto 700, mama 1,400 kwa nusu zake mbili. Jumla 3,500. Nikamwambia amhamishe mtoto mmoja kwa bibi yake.

"Lakini kaka, huku analipa 350. Kule atalipa 700!"

Kweli, ila hiyo 700 tayari iko kwenye hesabu, imekaa bure upande wa pili wa kitanda cha mama. Chumba cha wazazi na mtoto mmoja ni 1,750. Cha bibi na mjukuu ni 1,400. Jumla 3,150. Zimeokoka 350 bila kumwomba mtu punguzo, na mjukuu hapandi ngazi usiku. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia akimwita mumewe.

Nje ya nusu chumba kuna vitu vinavyohesabiwa kwa kichwa, na hapo chumba hakisaidii. Kodi na ada za bandari, kwenye karatasi yake zilikuwa 150 kila mtu: 750. Kisha kuna malipo ya wahudumu, ambayo kwenye meli nyingi zinazotoka Marekani ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na mtoto naye huhesabiwa. Kwa 18, watu watano, siku saba, ni 630. Watafsiri huyaita "bakshishi", na hapo siwaungi mkono. Bakshishi ni hiari, inatoka mfukoni ikiwa na asante yake, na mtoaji ndiye anayepanga kiasi. Hii inakuja imeshapangwa kwa siku na kuandikwa kwenye hesabu ya chumba. Ukiiita bakshishi, mtu ataiacha nje ya bajeti akisema ataona hukohuko. Iite ada ya huduma, ataiweka mahali pake.

Zikijumlishwa, 4,530. Alikuwa ameogopa 7,000 na kutumaini 3,500. Soda, intaneti na matembezi ya nchi kavu bado hayamo, lakini hayo ni maamuzi ya kila siku, na maji ya kunywa, chai na chakula cha ukumbi mkubwa viko ndani ya bei. Tahadhari moja tu nilimpa: baadhi ya meli, mtu mzima mmoja akinunua vinywaji vya kulipia jumla, hulazimisha watu wazima wote wa chumba hicho wanunue. Shemeji anapenda bia, dada hanywi.

Wiki moja baadaye alinitumia picha nyingine. Ilikuwa karatasi ya daftari la mtoto, yenye mistari, iliyobandikwa kwenye jokofu kwa sumaku. Juu aliandika tarehe ya meli kung'oa nanga. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala: "Nusu chumba 4. Cha juu 1. Ada ya huduma 5."

Nilimwandikia kwamba "cha juu" nilishaikataa. Hakujibu.